Baiskeli Iliyopigwa Bandi

Shangazi yangu ni mshona mapazia, na nalitanguliza hilo kwa sababu balaa lote lilitoka hapo. Mtu mwingine angeharibu baiskeli kwa ujinga wa kawaida. Yeye aliiharibu kwa ufundi.

Anaishi kwenye vyumba viwili vya kupanga, juu ya mteremko. Chumba cha mbele ni cha cherehani, meza ya kukatia na majora ya vitambaa yaliyosimama ukutani kama wageni waliokosa viti. Chumba cha ndani ni cha kulala, ingawa nacho kimevamiwa na majora, kiasi kwamba kitandani analala ubavu mmoja tu. Baba yangu, kaka yake aliyemzidi miaka miwili, anakaa chini ya mteremko huohuo, na mimi nakaa naye tangu mama alipofariki. Barabara ni moja na imenyooka. Ukisimama mlangoni kwa Shangazi unaliona geti letu kule chini, barabara inapoishia.

Mimi nauza dawa. Kutwa nzima nipo kaunta nawaambia watu wasome maelekezo kwanza. Katika ukoo wetu hakuna mtu aliyewahi kusoma maelekezo ya kitu chochote, na nadhani ndiyo maana sina subira nao.

Mambo yalianza siku Shangazi alipokuwa anampelekea mteja mapazia, furushi kichwani, akakosea ngazi moja ya duka na kuteguka kifundo cha mguu. Alikaa siku sita mguu ukiwa juu ya mto. Siku ya saba Baba akaanza wimbo wake.

"Umri umekwenda, dada. Rudisha vyumba vya watu, uje ukae kwangu. Chumba cha nyuma kipo."

Alianza kwa upole, kisha akakolea. Akawa anakitaja chumba cha nyuma kwenye simu, kwenye salamu, na mara moja hata msibani, marehemu akiwa bado hajatoka ndani. Mkataba wa vyumba vya Shangazi ulikuwa unaisha baada ya miezi miwili na mwenye nyumba alitaka jibu, anaendelea au anaondoka. Baba hakungoja jibu. Alinunua rangi, akanunua kitanda, akanunua godoro na mito.

Shangazi aliniambia, akiwa amebana pini mdomoni, kwamba akihamia kwa Baba atakufa. Hakutania. "Kule nitakuwa dada wa mtu," alisema. "Hapa mimi ni fundi. Nikizima cherehani hapa, nimezima vyote."

Jumapili moja, tukiwa mezani kwetu, akaropoka: "Hivi kaka, ningekuwa na baiskeli ningeanguka?"

Baba alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi nimpige mgongoni.

Hapa lazima nirudi nyuma. Walipokuwa wadogo, babu alinunua baiskeli moja, akampa Baba. Shangazi aliambiwa watoto wa kike hawapandi. Kazi yake ikawa kuiosha kila Jumamosi, na kila Jumamosi, anavyosimulia, ilirudi ikiwa imejaa matope mpaka kwenye tandiko. Baba naye ametulisha hadithi za baiskeli hiyo maisha yangu yote: alivyoshuka milima akiwa ameachia mikono, alivyompita mkuu wa shule akiwa amesimama juu ya pedali. Nimezisikia mpaka najua wapi atameza mate.

"Sikiliza," Shangazi alisema Baba alipomaliza kukohoa. "Siku nikiingia geti hili juu ya baiskeli, bila kushikwa na mtu, utaacha kukitaja hicho chumba chako?"

"Ukiingia hapa juu ya baiskeli bila kushikwa," Baba alisema, akifuta machozi ya kicheko, "sitakitaja tena mpaka nazikwa. Lakini usipoweza mpaka mkataba unakwisha, unakuja. Bila ubishi."

"Bila ubishi," Shangazi akasema, na nikajua tumekwisha.

Mpya hakuitaka. Alizitazama dukani, akazigonga kwa kidole, akasema ni plastiki iliyopewa magurudumu. Alitaka ya zamani, chuma kitupu, ya kukarabati na kuipamba mwenyewe. Tatizo ni kwamba watu wote wenye mikweche wameambiwa na mtu fulani kwamba mikweche ni dhahabu. Muuza vyuma chakavu alitutajia bei ya kuruka kwa fremu isiyo na gurudumu hata moja. Mwalimu mstaafu mmoja alikuwa na nzuri kabisa, lakini kwanza alitufanyia usaili. Alimuuliza Shangazi baiskeli italala wapi, itafunikwa na nini, na kama nyumbani kuna mtu anayevuta sigara. Mwishoni akasema atatufikiria. Mpaka leo anatufikiria.

Tuliipata mahali ambapo hatukuitafuta. Shangazi alikwenda kupima madirisha kwa mama mmoja mfuga kuku, tuliyekuja kumwita Mama Kuku, na alipochungulia uani akaona ukuta wa banda umeegemezwa kwenye kitu chenye spoku. Ilikuwa baiskeli ya zamani, nzito, yenye fremu iliyopinda kwa madaha, ikiwa imechakaa kwa kutu na kwa mambo ya kuku. Kwenye keria yake kulikuwa na kisanduku cha mbao, na ndani ya kisanduku kulikuwa na kuku amelala.

"Nauza, kwa nini nisiuze," alisema Mama Kuku. "Tena pesa sitaki. Nishonee mapazia ya sebule, yenye marinda. Ila dada, huyo anaatamia. Siwezi kumsumbua. Mpaka atotoe."

"Ameanza lini?" niliuliza.

"Jana."

Wiki tatu! Nilimwambia Shangazi tutafute nyingine, miezi miwili si mchezo. Akasema ameshaipenda. Basi kila jioni alikwenda kwa Mama Kuku kumkagua kuku, akimpelekea punje mkononi na kumsemesha kwa heshima kama mtu anayefuatilia faili ofisini. Vifaranga walipotoka, tulifikiri mambo yameisha, kumbe Mama Kuku alikuwa na dai jingine: baiskeli ikiondoka, ukuta utaanguka na banda litapigwa na jua. Shangazi akashona pazia la banda. Lina marinda pia. Sijawahi kuona kuku wanaoishi vizuri kuliko wale.

Muda tuliobakiwa nao ulikuwa mfupi, na Shangazi aliutumia kwa namna yake. Asubuhi alikuwa anajifunza kuendesha kwenye uwanja wa shule, juu ya baiskeli ya fundi baiskeli wa kona, bwana mmoja mnene mwenye roho nzuri ambaye mtaa mzima unamwita Pancha. Mimi na Pancha tulimshika huku na huku. Baada ya wiki mbili aliweza kwenda peke yake, mradi aende moja kwa moja. Kona ilimshinda. Akifika mwisho wa uwanja alikuwa anashuka, anaigeuza baiskeli kwa mikono, anapanda upya. Kusimama pia hakukuwa kusimama hasa. Alikuwa anangoja mwendo uishe wenyewe.

Tulimwomba Baba, bingwa wetu, aje amwonyeshe kona. Akasema mgongo. Tukamwambia aonyeshe mara moja tu. Akasema viatu. Akaleta kiti, akakaa pembeni ya uwanja na kufundisha kwa mdomo. "Kona ni kiuno!" alipiga kelele. "Tumia kiuno!" Pancha akainamia pampu yake.

Jioni ndiyo ilikuwa zamu ya ukarabati. Shangazi aliifungua baiskeli yote kipande kwa kipande, akaipiga msasa, akaipaka rangi ya damu ya mzee. Pancha alimletea mnyororo, tyubu na breki zilizotumika, akaomba angalau aachiwe kazi ya kuunganisha. Shangazi akamuuliza kama yeye Pancha huwa anaitwa kuja kumsaidia kushona. Hapo Pancha akamwachia, na alikosea kumwachia.

Tandiko lilivishwa mahameli yenye bitana na zipu iliyofichwa, ili liweze kufuliwa. Usukani ulipata vishada huku na huku. Madigadi ya nyuma ilipata pindo la nyuzi za dhahabu. Kisanduku cha kuku kilisuguliwa, kikawekewa mto.

"Shangazi," Pancha alisema alipoiona, "hii ni baiskeli au sebule?"

"Ni baiskeli yenye adabu," Shangazi akamjibu.

Sasa nieleze habari ya bandi. Mshonaji makini hashoni nguo moja kwa moja. Kwanza anaipiga bandi, yaani anaishikiza kwa mishono mirefu, milegevu. Mteja anaivaa, anatembea nayo, anageuka mbele ya kioo. Palipobana panaachiwa, palipolegea panapunguzwa, na chaki inaweka alama. Hapo ndipo nguo inapitishwa cherehani, na bandi inavutwa. Shangazi amefanya hivyo kwa miaka arobaini. Usiku haumkuti ameshona kitu ambacho hakijajaribiwa.

Siku ya mwisho ya mkataba ilikuwa Jumamosi. Mwenye nyumba angekuja alasiri kuchukua jibu. Niliwahi kwa Shangazi asubuhi, nikamkuta nje, baiskeli imesimama mbele yake imekamilika, inang'aa, na yeye amesimama na chaki sikioni na futi kamba shingoni. Nilifurahi kupita kiasi. Nilimwambia imependeza.

"Bado," alisema. "Hii naijaribisha kwanza. Naipeleka mpaka kwa Pancha pale, naangalia panapobana, narudi namaliza."

Nikaitikia. Sikuuliza anamaliza nini. Mimi, mtu wa maelekezo!

Alipanda. Mteremko ukampokea. Alipofika kwa Pancha, hatua thelathini tu, nilimwona ananyanyua mkono kupiga kengele kwa furaha. Kengele ikalia mara moja, ikabaki mkononi mwake. Aliitazama, akaitupa, akaendelea. Pancha alitoka kibandani anatabasamu, kisha nikaona tabasamu linamkauka. Alikuwa ameziona nati.

"Hajakaza!" alinipigia kelele. "Hajakaza hata moja! Amezizungusha kwa vidole tu!"

Nilielewa palepale. Alikuwa ameipiga bandi.

Tulikimbia nyuma yake, mimi na Pancha, yeye na spana mkononi akipaza sauti, "Shangazi, simama nikukaze!" Lakini asingesimama, maana mwendo ulikuwa hauishi, na asingegeuka, maana kona hajui. Kilichobaki kilikuwa kwenda moja kwa moja, na moja kwa moja kulikuwa kwetu. Taa ikadondoka mbele ya duka la vyombo. Nikaiokota. Madigadi ikaachia, pindo lake la dhahabu likipeperuka, ikampita mama mmoja miguuni. Nikaiokota nayo, nikaomba radhi. Kisha keria ikang'oka na kisanduku chake na mto wake, ikakaa katikati ya barabara kana kwamba inamngoja kuku. Mkono wa breki ulikuwa unaning'inia kwenye waya wake, unabembea. Watu walijipanga pembeni wakishangilia. Muuza duka mmoja alidhani tunagawa vitu.

Karibu na geti letu usukani wenyewe ukalegea. Ukawa unatazama dukani, gurudumu linatazama kwetu. Shangazi aliushika tu kwa ajili ya heshima.

Geti lilikuwa wazi. Uani, Baba alikuwa anapaka rangi ya mwisho kwenye mlango wa chumba cha nyuma, na alikuwa ameuacha wazi ukauke. Aliposikia kelele akageuka, akaona dada yake anakuja na vishada vinapepea, akatupa kopo na kukimbilia mbele, mikono imetanuka, tayari kumdaka.

"Usinishike!" Shangazi alipiga ukelele. "Kaka, nakuapia, usinishike!"

Nilimwona Baba akipambana na nafsi yake hapo. Mikono ilikwenda mbele, ikarudi, ikaenda. Dakika ya mwisho aliruka pembeni, na brashi aliyoisahau mkononi ikamchora Shangazi mstari wa rangi ya maziwa kutoka begani mpaka kwenye pindo. Shangazi akavuka ua, akapita mlango wa chumba cha nyuma bila kuugusa, gurudumu la mbele likagonga kizingiti na kubaki nje, fremu ikalala mlangoni, na Shangazi mwenyewe akaruka, akatua juu ya godoro jipya lililokuwa bado ndani ya nailoni yake. Alitua na usukani mkononi.

Kisha nailoni ikakwaruza.

"Nimeingia geti?" sauti ya Shangazi iliuliza kutoka ndani.

"Umeingia," Baba alisema.

"Juu ya baiskeli?"

Baba akatazama gurudumu lililokuwa bado linazunguka pale nje. "Wakati ule ilikuwa baiskeli."

"Nimeshikwa?"

"Hujashikwa, dada." Baba aliingia, akaketi ukingoni mwa kitanda, akalia kama mtoto. "Ungekufa," alisema, "ungekufa mbele yangu, na mimi nimekaa na brashi." Na nisiwe mnafiki, mimi nililia pia, mlangoni, nikiwa nimekumbatia keria. Pancha alijifanya anatafuta nati.

Shangazi hakulia. Alikuwa anatazama chumba. Mimi mwenyewe sikuwa nimekitazama vizuri kabla ya siku ile. Chini ya dirisha, mahali penye mwanga, Baba alikuwa ameweka meza, na ilikuwa na kimo kilekile cha meza ya Shangazi, kwa sababu siku moja alikwenda kumtembelea na kuipima kwa siri. Soketi ya umeme ilikuwa imewekwa pale goti la mshonaji linapokaa. Ukutani kulikuwa na mbao zenye matundu, za kusimamishia majora.

"Ulidhani nataka nikukalishe bila kazi?" Baba alisema. "Nilitaka nisikie cherehani. Nyumba hii iko kimya mno. Huyu anatoka asubuhi kwenda kwenye dawa zake, nabaki nasikiliza friji."

Shangazi akanyoosha kidole dirishani. "Na uchafu ule ameshona nani?"

Yalikuwa mapazia ya dukani, yamepunguka kiganja kizima. Baba akacheka katikati ya kilio, puani kukatoka kitu. Akasema ahadi ni ahadi, chumba hiki hatakitaja tena.

"Basi toka nje," Shangazi alisema, akishuka kitandani huku anachechemea. "Pancha, ikaze. Kaka apande anionyeshe ile ya kuachia mikono."

Baba akatazama viatu vyake. Akatazama mgongo wake, kadiri mtu anavyoweza kutazama mgongo wake. Mwisho akatazama chini.

"Sijui kupanda," alisema.

Hata Pancha aliacha kutafuta nati.

"Sijawahi kujua. Baba yetu alinipa, nikaanguka siku ya kwanza, nikaogopa. Nikaona haya kusema, wakati wewe ulikuwa unaitaka. Nilikuwa naisukuma mpaka nyuma ya ghala, nakaa hapo mpaka jioni, halafu naisukuma kurudi."

Niliona hesabu ya miaka yote ile ikipita usoni mwa Shangazi, na ikisimama mahali fulani.

"Kaka," alisema polepole. "Yale matope yalitoka wapi?"

Baba alijibu kwa sauti ndogo sana. "Nilikuwa naipaka."

"Ulikuwa unaipaka!"

"Kwa mkono. Ili ionekane imetoka mbali."

Mto wa kwanza ulimpata sikioni, wa pili ulimpita ukatua kwenye kopo la rangi. Shangazi alimfukuza kuzunguka ua, mguu ukiwa unamuuma, akimtajia Jumamosi moja baada ya nyingine. Walipochoka walikaa kwenye kizingiti, wamegusana mabega, wote wawili wana rangi ya maziwa, wanahema. Alasiri Shangazi alipanda mteremko kwa miguu na kutia saini mkataba wa miaka miwili.

Sasa kila Jumamosi Baba ndiye anayepanda kwake. Anafika mapema, suruali imebanwa kifundoni kwa kibanio cha nguo, na wanakwenda uwanja wa shule na ile baiskeli ya damu ya mzee, ambayo Pancha aliikaza kila nati mara mbili huku akisononeka. Shangazi anamshika tandiko kwa nyuma. Kila hatua tatu Baba anauliza kama ameshikwa.

"Nimekushika."

"Usiniachie, dada."

"Nikuachie uende wapi? Wewe bado uko kwenye bandi."

Jioni wanashuka pamoja mpaka kwetu, kwa miguu, wakiisukuma. Kukichelewa Shangazi halali kwake. Dirishani kule nyuma siku hizi kuna mapazia yaliyofika sakafuni, na juu ya meza kuna cherehani ya pili aliyoileta bila maelezo. Asubuhi Baba anasikia inalia, anabeba chai, anapita uani, anagonga. Ameahidi kutokitaja, na kweli hakitaji. Anasema tu, "Dada, umelala salama huko ulikolala?" na Shangazi anamjibu kwamba huko alikolala kuna baridi kidogo, alete blanketi.